Kituo changu cha kusafisha damu: maji nawapa kumi, muda nawapa nne

Jina la kituo sitalitaja. Jumatatu nina zamu, na anayeshika sindano si mimi. Kipo Dar es Salaam, kina vitanda 12, kinapokea bima na taslimu, na wanaotibiwa hapo wakisoma mistari michache tu watajua nasema wapi. Nawaandikia hasa wale ambao daktari amewaambia figo zimechoka kabisa, wakapewa karatasi yenye orodha ya vituo na kuambiwa wachague. Karatasi niliyopewa mimi ilikuwa na majina, namba za simu na bei. Basi.

Mimi nilikuwa fundi mitambo kwenye meli za mizigo za mwambao mpaka nilipostaafu. Figo zangu zilimalizwa na presha. Siku niliyokwenda kukagua kituo, dada wa mapokezi alinionyesha viti vya kulalia, televisheni na viyoyozi. Nikamshukuru, nikamwomba anionyeshe chumba cha maji. Akadhani natafuta choo.

Sababu ya kuulizia maji ni hii. Mashine ya kusafisha damu inapitisha maji ya dawa kama mililita 500 kila dakika upande wa pili wa chujio. Piga hesabu ya masaa manne: lita 120. Ukienda mara tatu, ni lita 360 kwa wiki. Maji unayokunywa yanapita kwanza tumboni, kwenye utumbo na kwenye ini, na kila kituo kina namna yake ya kukulinda. Haya ya mashine yanatenganishwa na damu yako na ukuta mwembamba kuliko unywele. Klorini inayowekwa kwenye maji ya bomba ili tusipate kipindupindu, hapa inageuka sumu. Ikivuka, hasa ikiwa katika umbo la kloramini, inapasua chembe nyekundu za damu. Mwaka 1996 mjini Caruaru, Brazili, wagonjwa wa kituo kimoja walisafishwa damu kwa maji ya bwawa yaliyoletwa na malori, ndani yake mna sumu ya mwani ambayo haikuondolewa. Walikufa zaidi ya 50, ini limeharibika. Hao walikuwa wamekwenda kutibiwa figo.

Basi nikapelekwa nyuma ya jengo. Chumba kidogo, joto, pampu inanguruma, na kijana mmoja mwenye ovaroli ya bluu amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa anaandika kwenye daftari.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Haya matangi mawili ya mkaa wa kunasa klorini, hiyo klorini unaipimia wapi?"

Akainuka. "Hapa katikati, mzee, baada ya la kwanza. La kwanza likichoka najua mapema, na la pili bado linatulinda."

Kwangu mimi mahojiano yaliishia hapo, ila kijana alikuwa ameshapata mtu wa kuongea naye, akanitembeza mstari mzima: chujio la mchanga, tangi la kulainisha maji na pipa lake la chumvi ya mawe, mkaa wa kwanza, mkaa wa pili, vichujio vyeupe vya kuzuia vumbi la mkaa, halafu pampu ya shinikizo inayosukuma maji kwenye utando unaobakiza chumvi nyuma. Utando wa namna hiyo ninaufahamu, melini ndio tuliotumia kupata maji matamu kutoka baharini. Nikaangalia bomba linalopeleka maji wodini. Linazunguka vitanda vyote na kurudi lilikotoka bila tawi lililozibwa, kwa hiyo hakuna pembe ambayo maji yatakaa yakaota wadudu. Daftari lina saini ya kila asubuhi, kabla ya mgonjwa wa kwanza kuunganishwa. Nilifungua kurasa za nyuma kwa kubahatisha, Jumapili zote zimerukwa kwa sababu kituo kinafungwa, na Jumatatu zote zimeandikwa kwamba bomba limesuuzwa kwanza. Daftari la kughushi huwa halina mambo kama hayo. Maji nawapa kumi juu ya kumi, na ndiyo sababu bado niko hapo licha ya malalamiko yanayofuata.

Kabla ya malalamiko, kidogo kuhusu kazi yenyewe, maana wengi tunawekwa kwenye mashine bila kuelezwa inaondoa nini. Damu haina bomba moja la chakula na jingine la taka. Mkondo uleule unaopeleka sukari na oksijeni kwenye msuli ndio unaotoka hapo umebeba uchafu wa kazi ya huo msuli, na unaushusha katika vituo tofauti. Hewa ya kaboni inashukia kwenye mapafu. Chembe nyekundu zikizeeka, na huishi siku kama 120, zinavunjwa kwenye wengu na ini, na rangi yake ya njano inapandishwa juu ya protini ya damu mpaka kwenye ini, inatokea kwenye nyongo. Ndiyo inayokipa choo rangi yake. Protini tunayokula, iwe ya maharage au ya samaki, ikivunjwa hutoa amonia, ambayo ni kali mno kuachwa itembee. Ini huigeuza kuwa yurea, kitu kipole zaidi, na kuirudisha kwenye damu. Yurea hiyo, pamoja na kreatinini ya misuli, asidi, potasiamu ya ziada na maji ya ziada, ni mzigo wa figo.

Na figo zinapewa damu kuliko unavyodhani: viungo viwili vyenye ukubwa wa ngumi vinapokea karibu robo ya damu inayosukumwa na moyo, zaidi ya lita moja kila dakika. Zinachuja kama lita 180 kwa siku, halafu zinarudisha karibu zote ndani na kuacha lita moja na nusu au mbili zitoke kama mkojo. Zikifa, damu haiachi kubeba. Gari la taka linaendelea kupita mitaani kila siku, ila dampo la Pugu limefungwa. Ndipo mdomo unapopata ladha ya chuma, ngozi inawasha usiku, kwikwi haziishi, miguu inavimba, na pilau ya mke wangu ikaanza kuninukia kama kutu nikiwa sijui kwa nini.

Chujio la mashine ni bomba la plastiki lenye urefu wa kama kiganja na nusu, ndani yake kuna maelfu ya mirija myembamba. Damu inapita ndani ya mirija kwenda upande mmoja, maji ya dawa yanapita nje yake kwenda upande wa pili, kinyume. Yurea iliyojaa kwenye damu inavuka kwenda kusiko na yurea. Potasiamu vilevile. Chembe za damu na protini ni kubwa, hazipiti. Hakuna dawa inayoingia kuua sumu. Ni kitu kilichojaa kinahamia palipo pungufu, nasi tunakaa tukisubiri kihame. Mholanzi Willem Kolff alijenga mashine yake mwaka 1943 mjini Kampen, nchi ikiwa chini ya Wajerumani, kwa pipa la mbao na mpira wa selofani wa kufungia soseji, na kanuni ni hiyohiyo. Mgonjwa wa kwanza aliyeponea kwenye mashine hiyo alipatikana 1945. Ningempa mkono yule bwana.

Sasa hapo kwenye kusubiri ndipo kituo changu kinapopoteza alama.

Yurea iliyo kwenye damu hutoka haraka, saa la kwanza na la pili mashine inafanya kazi kubwa. Lakini mwili si damu peke yake. Uchafu mwingi uko ndani ya chembechembe za misuli na viungo, na lazima uvuje kwanza uingie kwenye damu ndipo mashine iuone. Fosfati, madini yanayotoka kwenye chakula, ni mkaidi, inatoka kwa kujivuta. Sumu zilizoshikamana na protini ndiyo kabisa, nyingi hubaki. Figo zinafanya kazi masaa 168 kwa wiki. Sisi tunapewa 12. Ukipunguza robo saa kwenye hayo 12, umekata sehemu ya mwisho, ile ambayo fosfati bado inaendelea kuvuja na kutoka.

Ratiba ya kituo imebandikwa mlangoni na kila mtu anaiona. Zamu ya kwanza inaanza saa 12 kamili asubuhi hadi saa 4. Ya pili saa 4:30 hadi 8:30. Ya tatu saa 9 hadi saa 1 usiku. Kwenye karatasi kila mmoja ana masaa manne na kati ya zamu kuna nusu saa. Sasa kaa pale utazame nusu saa hiyo ina kazi gani: kurudisha damu ya mgonjwa mwilini, kutoa sindano mbili, kubana matundu mpaka damu iache kutoka, ambayo kwa mzee anayepewa heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, inaweza kula dakika 15 peke yake, kumpima presha akiwa amesimama, kumpima uzito, kuvua mipira na chujio, kuipitisha mashine kwenye dawa ya kuua vijidudu, kuisuuza dawa hiyo na kuhakikisha haikubaki, kufunga chujio jipya, kulijaza maji ya chumvi na kutoa hewa yote, kumpima mgonjwa mpya, kumchoma. Hata ukiwa na wauguzi wenye mikono sita haiwezekani. Zamu ya pili inaanza imechelewa robo saa, ya tatu imechelewa dakika 45. Na gari la wafanyakazi linaondoka saa 1:30 usiku, halimsubiri mtu.

Mgeni hupewa zamu ya tatu, kwa hiyo ndiko nilikoanzia. Naunganishwa saa 9:45, natolewa saa 1. Masaa matatu na robo. Kwenye faili langu imeandikwa masaa manne.

Athari yake naieleza kwa hesabu. Uzito wangu mkavu, yaani uzito nisipokuwa na maji ya ziada, ni kilo 64. Kipimo kinachotumiwa na wengi ni kutomvuta mgonjwa zaidi ya mililita 13 kwa kila kilo kwa saa, kwangu ni kama 830. Nikija na lita tatu za kutoa, kwa masaa manne ni mililita 750 kwa saa, niko salama. Kwa masaa matatu na robo ni zaidi ya 920. Maji yanatolewa kwenye damu haraka kuliko yanavyoweza kurudi humo kutoka miguuni na tumboni. Presha inashuka, masikio yanaziba, macho yanaona giza, halafu msuli wa paja unajikunja hadi mtu mzima unaita mama. Jirani yangu wa kitanda cha dirishani, mwalimu mstaafu, alikuwa akikamatwa na misuli karibu kila zamu ya tatu, na kila mara anaambiwa, "Babu umekunywa maji mengi." Babu wa watu alikuwa anakunywa vikombe vyake viwili.

Nilikwenda kwa msimamizi wa wodi, sista mkubwa, mtu mwenye heshima zake na anayejua kazi.

"Sista, mimi nalipiwa masaa manne. Mashine inaonyesha nimekaa matatu na robo."

"Mzee wangu, sisi tunahesabu tangu unapoketi."

"Nikiketi pampu ya damu inakuwa haijawashwa."

Akanyamaza kidogo. "Wengine wenyewe wanaomba watolewe mapema, mzee."

Na hilo ni kweli, sitamsingizia. Kuna wagonjwa ambao ikifika saa la tatu wanaanza kubembeleza: nina msiba, nina gari la Mbagala, nimechoka mgongo. Wauguzi wanawahurumia. Huruma hiyo inaonekana kwenye vipimo. Kila mwezi wanachukua damu kabla na baada ya zamu kuona yurea imepungua kiasi gani. Lengo ni isipungue chini ya asilimia 65. Majibu hupewi mpaka uyadai. Nilipoyadai, zamu ya tatu ilikuwa imenipa 58. Nilipohamishiwa zamu ya kwanza, mashine ileile, chujio la aina ileile, mkono uleule, nikapata 71. Sikumuuliza tena mtu swali.

Wauguzi siwalaumu, aliyepanga ratiba ndiye. Ukiweka saa moja na robo kati ya zamu, zinabaki zamu mbili zenye heshima na ya tatu ya usiku ambayo itahitaji gari jingine la wafanyakazi. Hilo ni suala la fedha, na mwenye kituo ameamua fedha hizo zitoke kwenye mwili wa mtu wa zamu ya tatu. Nne juu ya kumi, na nne yenyewe ni kwa sababu zamu ya kwanza inaanza kwa wakati.

Mikono ya wauguzi. Hapa wengi wenu mtaanza na mpira shingoni, kisha mtafanyiwa fistula: daktari wa upasuaji anaunganisha mshipa unaorudisha damu na ule unaotoa, kwenye mkono, na baada ya wiki kadhaa mshipa unakuwa mnene wa kuchomwa. Ukiugusa unatetema kama paka aliyeshiba. Kabla ya mwaka 1960, Belding Scribner alipotengeneza kiungio chake cha mpira kule Seattle, watu walisafishwa damu mara chache tu mpaka mishipa ya kuchomwa ikaisha, na mgonjwa akaisha nayo. Fistula ilikuja 1966. Kwa hiyo aliye na fistula nzuri ailinde: asilalie mkono huo, asivae saa, asikubali kupimwa presha hapo hata kama anayepima ana haraka.

Pale kituoni kuna sista mmoja mfupi, mtu wa Kigoma kwa lafudhi, ambaye ningekuwa na uwezo ningemnunulia kiwanja. Hafungui sindano kabla hajaushika mkono. Anaweka vidole viwili, anafumba macho, anafuata mtetemo kutoka kwenye kovu hadi karibu na kiwiko, anasikiliza kwa kipima moyo, ndipo anauliza, "Jana ulilalia upande gani, babu?" Kisha anachagua mahali papya, sentimita mbili au tatu kutoka alipochoma mwenzake mara iliyopita, ili mshipa usitoboke sehemu moja ukafanya uvimbe. Sindano zenyewe ni nene, usitegemee za kupimia malaria. Anaingia mara moja. Damu nyekundu inarudi kwenye mpira, anagonga plasta, amekwisha.

Wengine ni wazuri wa kawaida. Kuna kijana mmoja mgeni, ana haraka. Alitoboa mshipa upande wa pili, mkono ukavimba rangi ya zambarau hadi kwapani, nikarudishwa nyumbani bila kusafishwa. Kituo kiliomba radhi, kikanipa zamu ya fidia kesho yake bila malipo, na yule kijana akawekwa chini ya sista mfupi mpaka akaiva. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Usafi wao pia hauna mchezo: mpira wa shingoni haufunguliwi bila barakoa kwa muuguzi na kwa mgonjwa, glavu zinabadilishwa kila kitanda, wenye homa ya ini ya B wana mashine yao pembeni. Nane juu ya kumi.

Lishe nawapa mbili. Karatasi ya lishe waliyonipa inakataza uyoga, jibini, viazi vya kuokwa na juisi ya machungwa ya boksi. Imetoka wapi karatasi hiyo sijui, lakini aliyeiandika hajawahi kula kwetu. Haisemi kitu juu ya madafu, na nje ya geti la kituo kuna baiskeli mbili za madafu. Mgonjwa anatoka kwenye mashine ana kiu, koo limekauka, anaona dafu la baridi kidogo. Gilasi moja ya maji ya dafu ina potasiamu kuliko ndizi mbivu, na potasiamu ikizidi kwenye damu haikupi taarifa ya kuumwa, inasimamisha moyo. Mchicha wa nazi, mihogo, viazi vitamu, maharage, embe la msimu, hakuna hata kimoja kwenye karatasi. Dagaa hawamo, na wana fosfati ya kutosha kwa sababu tunawala na mifupa. Soda nyeusi haimo. Wala mbirimbi za achari, ambazo mimi mtu wa pwani nilizila tangu utoto. Mtaalamu wa lishe wa hospitali nyingine ndiye aliyeniambia niziache pamoja na ile ndugu yake yenye umbo la nyota, ambayo kwa mtu asiye na figo inaleta kwikwi, kuchanganyikiwa na hata kifo.

Wenyewe kwa wenyewe, wagonjwa, tumefundishana. Viazi na mihogo vinamenywa, vinakatwa vidogo, vinachemshwa kwa maji mengi, maji yanamwagwa, vinachemshwa tena kwa mengine. Mchicha vivyo hivyo. Ladha inapungua, potasiamu inapungua. Maji ya kunywa unayapima asubuhi kwenye chupa moja na hiyo ndiyo siku yako nzima, uji na mchuzi ndani yake. Chumvi ndiyo adui wa kwanza, maana ndiyo inayoleta kiu. Mwalimu wa dirishani ananyonya kipande cha limao kilichogandishwa. Mambo haya yangetosha ukurasa mmoja wa Kiswahili, na kituo kinachotoza bei hii kingeweza kuuchapa.

Bei: anayelipa taslimu anatoa shilingi 230,000 kwa zamu moja. Zidisha kwa tatu, zidisha kwa wiki. Wenye bima ya taifa hawatoi kitu dirishani lakini wafike na kadi inayosoma. Mtandao ukilala asubuhi mnakaa wote kwenye benchi huku saa inakimbia. Kitu ambacho hawakuambii mapema ni sindano ya kuongeza damu. Figo ndizo zinazotuma ujumbe kwenye uboho utengeneze chembe nyekundu, na mashine haiwezi kutuma ujumbe huo, kwa hiyo karibu sote tunaihitaji, na kwa wa taslimu inalipiwa pembeni. Uliza kabla hujasaini.

Madogo madogo. Umeme ukikatika, betri ya ndani inashikilia pampu ya damu na jenereta inaingia kabla hujamaliza kusema Inna lillahi. Viti vinalala vizuri. Viyoyozi vimekazwa mno, na damu yako inazunguka nje ya mwili ndani ya ubaridi huo, kwa hiyo utatetemeka. Blanketi zao ni chache na zinapewa waliowahi. Televisheni imekwama kwenye tamthilia za Kituruki. Choo cha wagonjwa kiko juu ya ngazi tano, jambo ambalo mchoraji wa jengo angepaswa kulipanda akiwa ametoka kutolewa lita tatu.

Jambo moja zito zaidi. Katika muda wote niliokuwa pale hakuna aliyefungua mdomo kunieleza habari ya kupandikizwa figo. Muhimbili walianza Novemba 2017, wakiwa na madaktari kutoka India, na Hospitali ya Benjamin Mkapa Dodoma ikafuata Machi 2018. Kwa umri wangu na moyo wangu pengine sistahili, na ndugu wa kunitolea sitaki kuwaomba. Lakini pale kuna binti wa chuo, ana kaka watatu wazima wenye afya, na taarifa hiyo aliipata kwangu, tukiwa tunasubiri mizani. Kituo ambacho mkate wake ni vitanda kujaa hakina haraka ya kukuonyesha mlango. Sasa hivi amefunguliwa faili Muhimbili, kaka mmoja anapimwa.

Ukiamua kuja, omba zamu ya kwanza, ya saa 12 asubuhi, hata kama itakubidi uamke na adhana uende na bajaji. Wakikwambia imejaa, jiandikishe na uwe unauliza kila wiki. Nafasi hupatikana, na sababu za kupatikana kwake tusizitaje. Ya tatu usiikubali hata wakikupunguzia bei. Ukifungwa, soma muda kwenye kioo cha mashine, usisome saa ya ukutani. Na uje na shuka lako.